Kanisa la Harlem na mabasi ya mwaka 1941

SWALI: Husemwa Kanisa la Abyssinian Baptist la New York limekuwa na wachungaji wanaharakati mmoja baada ya mwingine. Jina hilo la Uhabeshi limetoka wapi? Na ni kweli mchungaji wao aliyashinda makampuni ya mabasi kwa mahubiri?

JIBU: Jina ni la mwaka 1808. Waumini Weusi wa kanisa moja la Kibaptisti mjini humo, wakiwemo Wahabeshi, walichoka kutengewa viti, wakatoka na kuanzisha lao. Adam Clayton Powell Mkubwa alipewa uchungaji mwaka 1908, na mwaka 1923 jengo jipya likafunguliwa Harlem, eneo la Weusi mjini humo, Mtaa wa 138. Uchumi ulipoanguka, kanisa liliwapikia wasio na kazi. Mwanawe, mwenye jina lilelile, alishughulika na misaada hiyo kabla ya kurithi mimbari mwaka 1937, na tunaamini ujuzi wa kupanga watu aliupata huko jikoni kuliko darasani.

Kuhusu mabasi: mahubiri yalijaza watu, lakini kilichofungua njia ni sheria. Mwaka 1934 wachungaji wengine wa Harlem walipoongoza kususia maduka yasiyoajiri Weusi, mahakama iliwazuia kusimama na mabango mlangoni, ikidai huo ni ugomvi wa rangi, si wa kazi. Kwa hiyo haukuwa na kinga ya sheria za wafanyakazi. Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Washington, ikasema kudai ajira bila ubaguzi nao ni mgogoro wa kazi. Tangu hapo bango mlangoni likawa halali.

Masika ya 1941, mgomo wa madereva ulipokwisha tu, Powell Mdogo na wenzake wakaanza wa abiria, kudai makampuni ya mabasi yaajiri madereva na mafundi Weusi. Kwa takriban wiki nne watu walitembea kwa miguu au kupakiana kwenye magari ya wenzao, huku walinzi wa mgomo wakisimama vituoni.

Ugumu ulikuwa kwenye foleni ya ajira. Madereva Weupe 91 walikuwa wamesimamishwa kwa kukosa kazi, na chama chao kilishikilia kwamba aliyetangulia kuajiriwa hutangulia kurudishwa. Powell angetaka kuwaruka, chama kingejipanga upande wa kampuni. Walichosaini ni hiki: hao 91 warudi kwanza, kisha madereva 100 watakaofuata wawe Weusi, na mafundi 70 vilevile. Chama nacho kikatia saini.

SWALI: Baada ya Powell?

JIBU: Samuel Proctor, 1972 hadi 1989, kisha Calvin Butts. Mwaka huohuo wa 1989 kanisa liliunda shirika la maendeleo, likajenga nyumba na kusaidia kuanzisha shule. Butts hakuacha harakati za mitaani, hata hivyo: mwaka 1990 aliongoza waumini kupaka chokaa mabango ya sigara na pombe yaliyoizunguka Harlem.