Maswali ya Wasomaji: Unga wa Maabara na Neva Iliyoumia

Swali: Daktari, salaam. Miezi miwili iliyopita mdogo wangu, ambaye ni mwendesha boda boda, aliangukia bega, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haunyanyuki wala hauhisi kitu. Hospitalini tuliambiwa kwamba neva zimeumia na kwamba tungoje. Rafiki yake ameona kwenye intaneti unga uitwao Y-27632, unaosemekana kuotesha seli za neva. Je, tuuagize? (S.N., Jinja)

Jibu: Msiuagize, ndugu S.N., ingawa wanaosema kwamba kitu hicho hukuza neva hawakudanganya. Wamenyamazia tu mahali zinapokulia.

Y-27632 ni kemikali iliyoundwa na binadamu katika kampuni ya dawa ya Yoshitomi ya Japani, nayo ilijulikana sana mwaka 1997, watafiti walipoonyesha kwamba huzuia kimeng'enya kiitwacho ROCK na kwamba huteremsha presha ya panya wenye presha ya juu. Uzi wa neva unaokua huwa na ncha pana inayopapasa njia, na ROCK ikiamshwa, nyuzi za protini zilizomo ndani ya ncha hiyo hujikaza, ncha ikanywea na uzi ukarudi nyuma. Seli zilizo katika kisahani cha maabara zikiwekewa Y-27632, mara nyingi kwa kipimo cha mikromola 10, mkazo huo hulegea kama breki ya pikipiki iliyoachiwa, na uzi husonga mbele hata juu ya vitu ambavyo kwa kawaida huusimamisha. Kwa mtafiti anayetaka kujua ni nini kinachoizuia neva isikue, chombo hicho ni cha thamani kubwa.

Mwilini, hata hivyo, ROCK haikai katika neva peke yake. Imo katika mishipa ya damu na katika viungo vingine vingi, kwa hiyo anayemeza unga huo anaweza kushusha presha yake bila hakika yoyote kwamba dawa imefika begani. Tena chupa zake huandikwa kuwa ni za utafiti tu, na kilichomo hakikukaguliwa kama vile Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, ambayo wengi wetu huiita NDA, inavyodai kwa dawa za kutumiwa na watu. Ni kweli kwamba dawa nyingine za kuzuia ROCK zimeidhinishwa: fasudili nchini Japani mwaka 1995, kwa mishipa ya ubongo inayobana baada ya damu kuvuja, na netasudili nchini Marekani mwaka 2017, kwa presha ya jicho. Hakuna kati ya hizo iliyoidhinishwa kwa kuotesha neva iliyokatika.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya unga ni hilo neno "ngojeni". Neva ya mkono iliyokatika ikiota, huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi vidoleni kuna kama milimita 700, yaani karibu miaka 2, ilhali msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu huwa umekwisha kudhoofu kiasi cha kutoweza kuitika tena. Ndiyo maana wapasuaji hupendelea kutengeneza neva za bega kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya ajali, na ikiwa mizizi yake iling'oka kutoka kwenye uti wa mgongo, kungoja hakutaiunganisha kamwe. Ombeni rufaa sasa, iwe ya Hospitali ya Mulago au ya hospitali ya CoRSU huko Kisubi, na muulize waziwazi kama kuna mpasuaji wa neva na kama mdogo wako anaweza kufanyiwa kipimo cha umeme wa neva na misuli. Wakati huo huo viungo vyake vinyooshwe kila siku asije akakakamaa, na mkono huo usikaribie sigiri, kwa sababu ataungua bila kujua.

Swali: Kwa nini neva ya mkono huota ilhali ya uti wa mgongo haioti? (Mwanafunzi, Mbale)

Jibu: Kwa sababu ya majirani zake. Mkononi, seli za Schwann, yaani zile zinazozizunguka nyuzi za neva, husafisha mabaki na kuutandikia uzi mpya njia; katika uti wa mgongo kuna kovu, na utando unaofunika nyuzi una protini zinazokataza kukua, mojawapo ikiwa Nogo, iliyofuatiliwa kwa miaka mingi na Martin Schwab wa Zürich. Katazo hilo hupita kwa ROCK, na hapo ndipo watafiti walipoitumia Y-27632. Kuyahamishia matokeo hayo ya maabara kwa wagonjwa kumekuwa kugumu: VX-210, protini iliyolenga njia hiyo hiyo, ilijaribiwa kwa watu walioumia uti wa mgongo shingoni, na jaribio likasimamishwa mwaka 2018 ilipoonekana kwamba halitaonyesha nafuu.