Vitabu vya Picha kwa Darasa la Awali

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Nimepewa fedha kidogo za kununua vitabu vya picha, na watoto wangu wengi huzungumza Kigogo nyumbani. Nichague vipi?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akishike kitabu kikiwa wazi, nawe urudi nyuma hatua sita, umbali wa mtoto anayekaa mwisho wa mkeka. Usipoweza kuona mbuzi wa pichani anafanya nini, kiache, hata kama hadithi yake ni tamu. Kwa watoto ambao Kiswahili ndiyo kwanza wanakizoea, sentensi moja au mbili katika kila ukurasa zinatosha, hasa zenye kibwagizo, kwa kuwa mtoto hukidaka kibwagizo kabla hajaielewa hadithi yote. Tafuta picha za mbuyu, shamba la mtama na ng'ombe wakinywa maji, uwaache watoto wavitaje kwanza kwa Kigogo. Lakini usiikatae bahari, maana mtoto wa Dodoma naye ana haki ya kushangaa. Angalia pia kama kitabu kina ithibati ya Kamishna wa Elimu, yaani idhini ya kutumika shuleni. Tena, vitabu vinne vilivyoshonwa ni bora kuliko kumi vilivyobanwa kwa pini, ambazo hung'oka na kuchoma vidole.