Dakika Sita za Mzee wa Benchi

Wiki iliyopita nimeamka nikakuta ujumbe mrefu kwenye simu. Ndugu mmoja wa Mwanza, mcheza kikapu, senta (yule mrefu wa chini ya kikapu), miaka 33, kocha wake amemwambia msimu huu ataanzia benchi. Nafasi yake kapewa kijana wa miaka 20. "Kaka, niache mpira au nihame timu? Nimedhalilika." Nilimjibu kwa kifupi maana nilikuwa nawahi kazini, lakini siku nzima lile neno lilinizunguka kichwani. Nimedhalilika. Ladha yake naijua.

Ngoja nianze na langu, ushauri utafuata.

Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, mimi nilikuwa na miaka 22, na ghafla kila mtu mrefu wa Dar es Salaam akawa Hasheem. Makonda walinipokea kwa jina hilo, mimi nimeinama ndani ya Hiace shingo imepinda kama ndoano. Nina futi sita na inchi sita tu, lakini kwa mtaa wetu huo ni mnara wa simu. Nikacheza kikosi cha kwanza miaka 10 mfululizo. Sijisifu, waliokutana na mimi chini ya kikapu wanajua walivyokuwa wanatoka na mbavu zinauma. Haya, najisifu kidogo.

Kisha nikafika 32. Timu sitaitaja. Jioni moja kabla ya mazoezi nimekaa pembeni ya kiwanja nafunga kamba za viatu, naona jezi namba 14 inapita mbele yangu mgongoni mwa mtu mwingine. Namba yangu. Kijana mwenyewe hata hakujua, kapewa tu na mtunza vifaa. Kocha akapita, akanigusa bega, akasema, "Mzee, mwaka huu utatusaidia ukitokea nje." Akaenda zake kupuliza filimbi. Miaka saba pale, nimeagwa kwa sentensi moja, tena akiwa anatembea. Wengine wananiambia nisahau. Nimesamehe. Kusahau bado.

Sasa nikiri kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Msimu huo huo tulifika nusu fainali. Senta wa wapinzani alikuwa mtu mzima mwenzangu, tumegongana tangu ujana, na ana ujanja mmoja tu: anainua mpira kama anayetaka kurusha, anakusubiri uruke, kisha anakuingia kifuani ukiwa hewani. Filimbi, faulo yako. Ameishi mjini kwa ujanja huo. Kijana wetu akaruka mara ya kwanza. Akaruka ya pili. Ikaitwa taimauti, mchezo ukasimama kidogo, akaja kusimama hatua mbili kutoka nilipo, anahema, na mimi nina chupa yake ya maji mkononi. Ilikuwa nimwambie maneno mawili: "Usiruke, anadanganya." Nikampa maji, nikanyamaza. Nilitaka aruke tena.

Akaruka. Robo ya tatu haijaisha ana faulo nne, na kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, faulo ya tano unatoka. Kocha akageuka kunitafuta. Nimekaa zaidi ya saa nzima sijanyoosha hata kifundo cha mguu, magoti yanalia kama bawaba zenye kutu. Nikaingia, nikapitwa kama nguzo ya umeme. Tukafungwa kwa pointi tatu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo yule kijana alikuwa analia, uso ameufunika kwa jezi ile ile, na watu wanamlaumu yeye. Sikusema kitu hata hapo.

Nikahama msimu uliofuata, na katika kukaa nyumbani bila timu nikaanza kumsoma Dikembe Mutombo, senta wa Kongo aliyecheza NBA. Tunamkumbuka kwa kile kidole chake cha kukataza, alichokitikisa kila akimzuia mtu kufunga, lakini mimi nilimtafuta yule wa mwisho mwisho, wa Houston Rockets, aliyekuwa akikaa benchi nyuma ya Yao Ming. Mtu aliyekuwa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA mara nne, anasubiri kijana wa Kichina achoke! Februari 2008 Rockets wameshinda mechi 12 mfululizo, Yao akavunjika mfupa wa mguu, msimu wake ukaisha. Wengi wakasema ndiyo basi. Mzee wa Kinshasa akaingia kuanza akiwa na miaka 41, na timu ikaongeza ushindi mwingine 10, jumla 22, mpaka Boston Celtics walipowasimamisha Machi 18. Hakuwa anafunga pointi za maana. Wafungaji walikuwepo, Tracy McGrady alikuwepo. Yeye alisimama tu chini ya kikapu, na wapinzani wakaendelea kuogopa kuingia. Huwezi kufanya hivyo kama ulikaa benchi miezi minne umenuna.

Leo nina miaka 38, niko timu nyingine, na kazi yangu ni dakika sita. Siku nyingine nane. Jumamosi iliyopita kijana wetu alipata faulo ya tatu katikati ya robo ya pili, nikaitwa. Tunaongoza kwa tano. Niliingia, nikafunga kikapu kimoja, nikadaka ribaundi tatu (mipira iliyokosa kikapu), nikafanya faulo nne, nikatoka tunaongoza kwa sita. Ukisoma karatasi ya matokeo utaona pointi mbili, utasema mzee kamaliza. Lakini kijana alirudi kipindi cha pili na faulo zake zile zile tatu, kapumzika, na ndiye aliyetumalizia mechi. Tumeshinda kwa nne. Kocha aliponipa mkono hakusema neno, na sikuhitaji.

Basi ndugu yangu wa Mwanza, na wengine mnaoona aibu kuniandikia, sikieni.

Mwili kwanza. Benchi linapoza. Mimi natembea na kanga ya mke wangu kwenye begi, najifunga magotini nikikaa, vijana wanacheka, wacheke. Kila robo inapoisha nasimama nyuma ya benchi naruka kamba. Ukisubiri kuitwa ndipo upashe, umeshachelewa.

Faulo zako ni mali. Kijana anayecheza dakika 30 anazo tano, lazima azibane. Wewe una tano hizo hizo kwa dakika sita. Anayekuja kufunga kirahisi mshike mikono, aende akatupe mitupo huru. Mshike kwa adabu lakini, usimvunje mtoto wa watu.

Halafu macho na mdomo. Ukiwa benchi unaona mechi ambayo wenzako ndani hawaioni: refa gani leo anapiga filimbi kwa mkono tu kugusa, senta wao anageukia bega gani, nani kati yao ameanza kuhema kwa mdomo. Yaseme. Yaseme kwenye taimauti, yaseme ukiwa uwanjani, "skrini kushoto!" (kuna mtu anakuzibia njia), "niko nyuma yako!" Sauti haizeeki kama magoti. Mimi dakika sita zangu napiga kelele mpaka mashabiki wananiita muuza mitumba.

Na makocha, nanyi hamjasalimika. Mchezaji mliyemtumia miaka saba mwiteni pembeni, mkae, mumwambie kwa nini na mnamhitaji kwa lipi. Haigharimu hata shilingi. Mkishindwa mnakuza mtu wa kushika chupa ya maji na kunyamaza, kama mimi nilivyonyamaza. Viongozi wa timu mnaosajili warefu wa miaka 19 watatu kwa mpigo na kumwacha mzee mmoja aliyebaki, hao watoto atawafundisha nani kumziba mtu kwa mgongo kabla mpira haujashuka? Video za simu?

Yule kijana wa namba 14 nilimtafuta mwaka jana. Nilimkuta kwenye viwanja vya Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, akiangalia mazoezi ya watoto, tukanunua mahindi ya kuchoma, nikamwambia yote: ile taimauti, ile chupa. Alitafuna kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilijua. Ulikuwa unaangalia chini."

Ndugu wa Mwanza, kesho mazoezini mtafute huyo wa miaka 20 kabla hujamtafuta kocha. Mimi Jumamosi hii tuna mechi saa kumi na moja jioni, na kanga iko kwenye kamba, haijakauka.