Maktaba ya liblvm2app haipo tena

Je, programu mpya inaweza kuunganishwa na maktaba ya liblvm2app ili kuunda au kupanua voliumu za LVM (mfumo wa kugawa na kusimamia nafasi ya diski) kwenye Linux? Hapana, haiwezi, kwa sababu maktaba hiyo, baada ya kutangazwa kuwa imepitwa na wakati, iliondolewa kabisa katika toleo la 2.03.00 la LVM2 lililotoka mwaka 2018, pamoja na kiolesura chake cha Python. Mifano mingi inayoendelea kusambaa iliandikwa kabla ya hapo, ndiyo maana msimbo wake haukusanyiki (haupiti hatua ya «compile»).

Kwa anayeandika kwa lugha ya C au Python, ningependekeza libblockdev, ambayo ina programu-jalizi mbili za LVM: moja huendesha amri zilezile za kawaida za LVM kwa niaba yako, na nyingine hupitia lvmdbusd, huduma ya LVM inayopokea maombi kwa njia ya D-Bus (mfumo wa programu kuwasiliana kwenye Linux). Ikiwa unachohitaji ni kusoma hali ya voliumu tu, huna haja ya maktaba yoyote; endesha lvs, amri ya kuorodhesha voliumu, ukiiongezea --reportformat json, kisha uchambue matokeo.

Hapo pana mtego mdogo: ukubwa hutolewa kama maandishi yaliyokadiriwa na yenye herufi ya kipimo, wakati mwingine yakitanguliwa na alama ya «<», kwa hiyo ongeza --units b --nosuffix kabla ya kufanya hesabu yoyote. Amri hizo kwa kawaida huhitaji mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo).