Maziwa tunywe, ng'ombe asichinjwe

*Maswali kwa Mama Mhasibu*

Swali: Shikamoo Mama Mhasibu. Mimi ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya fedha kwenye usharika wetu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Marangu. Desemba, watu wa Dar wakipanda nyumbani, bahasha za ahadi zinarudi zimenona. Kuanzia Februari ni ukame. Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu, hana mtoto, alinivuta pembeni baada ya mnada wa sadaka akaniambia anataka kuuachia usharika kitu kwenye wosia wake: milioni kumi za kiinua mgongo alizotunza na kipande cha kihamba, shamba la migomba la ukoo. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Baraza linataka tuanzishe mfuko wa kudumu na kuutangaza siku ya mavuno. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuogopa. Ningekuwa nimeogopa mapema kama wewe, nisingekuwa na hadithi hii.

Kuna usharika niliwahi kuutunzia vitabu. Mama mmoja alifariki akatuachia shilingi milioni 38. Ziliingia mwezi Machi, kwenye akaunti ileile ya sadaka. Aprili tukakopa humo mshahara wa mwinjilisti, "tutarudisha". Juni tukanunua vipaza sauti. Julai paa la nyumba ya mchungaji likavuja, na nani angesema mchungaji alale na beseni kitandani? Kufika Krismasi salio lilikuwa 412,000. Hakuna aliyeiba hata senti, na risiti zote zilikuwepo. Pasaka binti wa marehemu akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, "Fedha za mama zinafanya kazi gani?" Nikamwonyesha spika.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote habari za wosia, andikeni kanuni za mfuko. Ukurasa mmoja unatosha. Mtaji una akaunti yake peke yake. Haugusiki, haukopeshwi, hata usharika wenyewe haukopi. Kinachotumika ni faida tu, na si yote. Taja matumizi kwa jina (ada za yatima, tuseme, au ukarabati wa jengo), maana "maendeleo ya kanisa" ni mlango usio na komeo. Anayetaka kubadilisha kanuni apeleke hoja kwenye mkutano mkuu wa usharika, ipate theluthi mbili ya kura, kisha irudi tena baada ya miezi sita ipigiwe kura upya. Mtaniona mkali. Mabaraza hubadilika na wachungaji huhamishwa, lakini paa huvuja kila mwaka.

Wenzetu Waislamu wa pwani jambo hili wamelijua karne nyingi. Mtu anaweka shamba la minazi wakfu: msikiti unakula nazi, minazi haiuzwi. Sisi neno hilohilo tunalo, ila tunalitumia siku ya kumbariki mchungaji mpya au jengo, halafu tunalifungia kabatini pamoja na kanzu.

Kanuni zikishapita kwenye baraza, andikeni barua kwa dayosisi. Usharika kwa kawaida hauwezi kumiliki mali kwa jina lake wenyewe. Mali hukaa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, yaani wale wanaoishika kisheria kwa niaba ya kanisa. Wosia unaosema tu "nauachia usharika wangu" unaweza kuleta mzozo mahakamani kuhusu nani hasa ameachiwa. Pateni kutoka dayosisi jina kamili la kisheria, na maandishi kwamba fedha hizo ni za usharika wenu na kwa kazi ile. Kwenye hatua hii barua hukaa mezani muda mrefu. Mtume mtu akakae pale ofisini mpaka apate jibu.

Sasa hesabu. Ninapenda hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani mnaikopesha serikali kwa miaka mingi nayo inawalipa riba. Mnaanza na milioni moja, mnanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Nazo huuzwa kwa mnada wa Benki Kuu, kama mayai na mikungu yetu baada ya ibada, kwa hiyo riba ya kweli mtaijua siku hiyo. Kwa mfano tu, tuseme ni asilimia 12. Milioni kumi za mwalimu zinazaa 1,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kila nusu mwaka. Msile zote! Bei zinapanda, na milioni kumi ya leo haitanunua mabati yaleyale baada ya miaka ishirini. Rudisheni 400,000 kwenye mtaji, tumieni 800,000. Zile za kurudisha zikae kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, mpaka zifike za kununua hatifungani nyingine. Laki nane haitajenga kanisa, lakini Februari hiyo mnayolia ukame itawakuta na kitu, na Februari ya mwaka unaofuata vilevile.

Tuje kwa mwalimu wetu. Wosia wa Mkristo ambaye mambo yake hayaendeshwi kimila mara nyingi unaangukia kwenye Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, Mwingereza alituachia. Humo mna kifungu watu wa kanisa hawakijui: mtu mwenye mtoto wa ndugu, au jamaa wa karibu zaidi ya huyo, hawezi kuacha mali kwa kazi ya dini au hisani isipokuwa wosia uwe umeandikwa si chini ya miezi 12 kabla hajafa, na ndani ya miezi sita tangu kuandikwa uwe umepelekwa kuhifadhiwa mahali panapotambulika kisheria. Mwalimu hana mtoto, lakini watoto wa kaka yake hawakosekani, na ndio watakaobisha hodi. Aende kwa wakili, kisha wosia uhifadhiwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), mwaka huu, angali anapanda mlima kwa miguu yake. Wewe usimwandikie hata mstari mmoja.

Na kihamba, mwanangu, kikataeni. Kwa heshima, lakini kikataeni. Si sawa na kiwanja cha kununua kule Tegeta, Dar. Wazee wake wamelala humo, na ukoo utahesabu migomba yake mpaka mahakamani. Usharika ukishinda kesi utakuwa na robo kihamba na majirani wasiosalimia. Mwambie kihamba akiache kwa watoto wa kaka yake, nao watakuwa wepesi zaidi kuziachia zile milioni kumi.

Siku ya mavuno msitangaze. Siku ile ina sadaka yake, na mtu aliyebeba mbuzi hana nafasi ya kufikiria mauti. Nendeni nyumba kwa nyumba, kwa waliovuka sitini, watoto wao wakiwa wamekaa palepale sebuleni wakisikia. Siri ndiyo inayozaa kesi. Na wazee wa baraza watangulie wao. Mimi nikija kukagua, nitaanza na wosia wa mwenyekiti wa kamati ya fedha.

Swali: Mama, mchungaji wetu anaombwa sana kuwa shahidi kwenye wosia za washarika. Ni sawa? (Mwinjilisti, Karatu)

Jibu: Kama wosia hauligusi kanisa wala yeye, hakuna neno. Kwa sheria niliyoitaja hapo juu, shahidi aliyeachiwa kitu anakikosa, hata kama aliyeachiwa ni mke wake. Kanisa likiwa limeachiwa, mchungaji binafsi hajapata kitu, lakini jaribu kuwaeleza hivyo wafiwa siku ya arobaini. Watafuteni mashahidi wawili wa mtaa wa pili, wasio na kiti kwenye baraza lenu.