Jibu: Umepotea katikati ya "Kintu"? Usianze upya

Pole, dada. Unasema riwaya ya Jennifer Makumbi imekuangusha: umeanza Bwaise, mtaa wa Kampala, Uganda, mwaka 2004, mara uko katika ufalme wa Buganda wa 1750, na majina yanakuchanganya. Hata mimi niliirudisha kabatini mara mbili.

Usirudi mwanzo. Kitabu kina sehemu sita. Ukimaliza kila moja, andika mistari mitatu tu: nani, mwaka gani, mtoto wa nani. Mimi nilichora ukoo nyuma ya kalenda ya zamani, kwa penseli, maana utahitaji kufuta mara nyingi.

Majina ndiyo ufunguo. Kwa Waganda, Babirye na Nnakato ni majina ya mapacha wa kike, Waswa na Kato ya wa kiume, na Kizza ni mtoto anayezaliwa baada yao. Ssalongo na Nnalongo ni majina wanayopewa baba na mama wa mapacha, kwa hiyo usiwahesabu kama watu wapya! Na kwa Kiganda ndugu wa kiume wa baba naye ni baba. Ukikutana na "baba" wawili, mwandishi hajakosea.

Tarehe ikikosekana, shika matukio: Idi Amin alichukua utawala wa Uganda 1971, akaangushwa 1979.

Usitafute mti wa ukoo mtandaoni, utakuharibia mwisho. Kuna vifo na ukatili humo. Kama nyumbani kwenu kuna kidonda kama hicho na usingizi unapotea, weka kitabu chini, muone mshauri nasaha.

Umefika sehemu ya ngapi?