Muulize Bibi wa Masjala: Dodoma akiba huliwa na mchwa

Nilitunza majalada ya Serikali kwa miaka 31, kwanza Dar es Salaam, kisha hapa Dodoma hadi nilipostaafu. Barua nyingi za mwezi huu ni za nyumba na ofisi zilizojaa vitu. Nimechagua tatu.

Shikamoo Bibi. Naishi Nkuhungu na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Mvumi baada ya baba mkwe kufariki. Mama hatupi kitu. Uvungu wa kitanda chake umejaa chupa tupu, mifuko ya rambo, salfeti na vibuyu vilivyopasuka. Nyuma ya nyumba nimehesabu madumu 34. Nikigusa anakasirika, anasema akiba haiozi. Mume wangu ananiambia nimwache mama yake. Nifanyeje bila kumvunjia heshima? — Mkwe wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Kwanza nakuomba usimhesabu mama kuwa ni mtu wa uchafu. Amekulia Ugogo, nchi yenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika Februari hakuna uwele wala mtama. Wazee wa Ugogo wamezipa njaa zao majina. Ile ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza waliiita Mtunya, na watoto wao wakarithi masimulizi yake. Mtu aliyelelewa hivyo akiona chupa tupu anaona mahali pa kuweka mbegu, mafuta au mlenda mkavu. Ukimwambia "tutupe", anakusikia unaialika njaa ndani.

Ila hilo la akiba haiozi, mimi lilinitia hasara. Mwaka 2017 nilipohamia Dodoma nilipakia kwenye lori maboksi kumi na moja ya vitu ambavyo sikuwa navihitaji, ila nilivionea huruma. Nikayapanga sakafuni katika chumba cha nyuma, Ipagala, nikafunga mlango. Nilipokuja kuyafungua, mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Juu boksi zima, ndani udongo mtupu. Barua alizoniandikia marehemu mume wangu tukiwa wachumba zilikuwa katika boksi la tatu, chini ya mapazia chakavu na jagi bovu la umeme. Kama nisingebeba yale mapazia, barua zile zingekaa kabatini kwangu hadi leo. Ndiyo maana jambo hili naliongea kwa uchungu.

Sasa fanya hivi. Neno la kwanza aliseme mumeo, maana ni mama yake. Na muanze na madumu, kwa sababu yanahesabika na hayana ugomvi. Kaeni na mama, mumuulize nyumba inatumia madumu mangapi kwa siku. Akisema sita, na maji kwenu yanatoka kila baada ya siku tatu, mnahitaji 18. Ongezeni manne kwa siku ambazo mgao unachelewa: 22. Yanabaki 12. Muulizeni yeye, haya 12 yana kazi gani? Msimjibie. Nina hakika ataanza kuyatenga yaliyopasuka mwenyewe. Akipita mnunuzi wa plastiki na chuma chakavu, mama ndiye apatane naye bei, na fedha ziingie mkononi mwake.

Vitakavyobaki vipandisheni kichanjani, juu ya matofali, visiguse sakafu wala ukuta. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, hata kuihifadhi; mumeo amweleze kwa upole. Vibuyu viacheni. Vingine huenda ni vya mama yake, na kibuyu cha Kigogo hushonwa kikapona.

Uvunguni kwake usiingize mkono mpaka akuite. Inaweza kuchukua mwaka. Wewe wakati huo shughulika na kabati lako na la watoto, naye akiwa anakuona.

Bibi, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana, ametuachia tranka la chuma lililojaa karatasi za tangu miaka ya 1980. Ndugu zangu wanataka tuzichome. Mimi mwenyewe nina duka la vifaa vya ujenzi, na stoo yangu imejaa maboksi ya risiti. — Mwana wa Chang'ombe

Marahaba. Msichome hata moja kwa sasa! Tandikeni mkeka, mkae ndugu wote, mtoe karatasi mojamoja. Fungu la kwanza ni la ardhi, la pili ni la watu: vyeti vya kuzaliwa, ndoa, kazi na pensheni. Mengine yote ni fungu la tatu.

Kuhusu ardhi nisikilizeni vizuri. Viwanja vya mji huu viligawiwa kwa miaka mingi na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973. Ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda Manispaa, ambayo mwaka 2018 ikawa Jiji. Ofisi zimebadilika, lakini barua ya toleo ya mzee, ile ya kupewa kiwanja, ni ileile, na stakabadhi aliyolipia kiwanja mwaka 1986 inaweza kuwa ndiyo ushahidi wenu pekee. Msimamizi wa mirathi atazihitaji. Andikeni orodha yake kwenye daftari, na yeyote anayechukua karatasi asaini jina na tarehe. Masjala hatukuwahi kumpa mtu jalada bila saini, hata awe mkubwa kiasi gani.

Fungu la tatu, mirathi ikishakwisha, chomeni.

Risiti za duka, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka uzitunze miaka isiyopungua mitano. Boksi moja kwa kila mwaka, mwaka uandikwe ubavuni. Zile za mashine hufutika kwa joto, na stoo ya bati hapa Dodoma ni tanuri, kwa hiyo zipige picha mapema.

Shikamoo Bibi. Nimeajiriwa mwaka huu, ofisi yetu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Meza yangu haionekani kwa mafaili, kila anayepita anatua lake. — Mgeni Kazini

Marahaba mjukuu wangu. Karatasi ya Serikali huna ruhusa ya kuitupa kwa uamuzi wako. Iko Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002. Lakini pia si lazima ilale mezani kwako. Kila siku saa 9:00 alasiri, nusu saa kabla ya kutoka, rudisha masjala kila jalada ulilomaliza. Anayekuletea la mkononi, mwombe kwa adabu alipitishe masjala lisajiliwe, hata kama ni mkubwa wako. Vikombe, chaja mbovu na viatu vya akiba vibebe uende navyo nyumbani jioni hii.